Mchoyo wa Breki za Nyuma

Kama unasoma haya ukiwa gereji, futa mikono kwanza. Karatasi ikishaingia grisi hakuna anayeirudia, inaishia kuwashia jiko. Nawajua kwa sababu nilikuwa hivyo hivyo. Vile vitabu vya maelezo vilivyokuja na magari kutoka bandarini, sisi tulichana kurasa zake tukafutia kijiti cha oili, tukasema waliovitunga hawazijui barabara za huku.

Naitwa Ntakije. Nimetengeneza magari hapa Kasulu zaidi ya miaka arobaini, na nilijulikana zaidi kwa breki na miguu ya gari, yaani springi, shokapu, bushi na vyote vinavyolifanya gari likae barabarani. Sasa nimeacha. Wanaonipitia nyumbani huniuliza kwa nini siendi hata kukaa gereji kupiga soga. Huwa najibu kwamba mgongo unauma, na kweli unauma, ila haujawahi kunizuia kwenda kanisani wala sokoni. Sababu yenyewe naiandika hapa. Wengi wenu mlifundishwa na watu niliowafundisha mimi, kwa hiyo jambo hili ni lenu hata kama hatujawahi kusalimiana.

Tuanze na springi, maana ndiko kila kijana anakoharibia. Mnapenda gari likae chini. Mnachukua grenda, mnakata pindi moja, gari linashuka, mnapiga picha. Na mimi nilikata. Kulikuwa na ofisa mmoja wa elimu, kahamishiwa huku kutoka Mwanza, akataka gari lake likae kama yale ya mjini. Nikakata pindi moja na nusu kila upande. Lilipotoka gereji lilipendeza hata mimi nikalisindikiza kwa macho. Kwenye korongo la kwanza njia ya Nyakitonto tairi lilining'inia, springi ambayo haikufika tena kwenye kikalio chake ikachomoka na kwenda zake shambani. Ofisa alirudi kwa miguu, springi kaifunga kwenye kitenge alichoazimwa na mama mmoja wa njiani. Akaiweka juu ya meza yangu, akanisalimia, "Mwakeye, fundi," ndicho Kiha pekee alichokuwa anakijua, akakaa kwenye benchi hadi nilipomaliza kumfungia springi nzima za mtumba. Heri angenitukana.

Tangu hapo sikukata springi ya mtu. Ukitaka gari fupi, tafuta springi iliyozaliwa fupi na ngumu, na shokapu inayolingana nayo. Shokapu ndefu na springi fupi hazikai nyumba moja.

Bushi nazo. Bushi ni mpira. Ukiikaza wakati gari liko juu ya jeki na mguu umening'inia, umeifunga ikiwa imejisokota, na gari likishuka chini inaanza kuchanika siku hiyo hiyo. Ingiza boliti, zishike kwa mkono tu, shusha gari likanyage ardhi, litikise mara mbili tatu, ndipo uingie chini ukaze. Ni kazi ya kulalia mgongo kwenye tope na hakuna mteja atakayekusifu kwa sababu haoni. Fanya hivyo hivyo.

Tuliwahi pia kutia maji ya sabuni kwenye breki. Paipu ilipasuka kwenye mteremko karibu na Kasanda, mafuta ya breki hatuna, abiria wanatutazama. Tukaziba ile paipu kwa kuikunja, tukakoroga sabuni ya unga kwenye kopo, tukamimina. Tulifika. Kesho yake nilipofungua mfuniko povu lilitoka kama maziwa yaliyochemka, na ndani kila mpira ulikuwa umeharibika. Nawaambia mjue, msije mkafanya.

Hayo ni makosa ya kuchekesha. Yalionekana mapema, yakarekebishika. Kosa ninalotaka kuwaambia halikuonekana kwa miaka yote hiyo kwa sababu halikuwa kosa.

Aliyenifundisha breki alikuwa Mkongo wa kambini Nyarugusu, tukimwita Papa Mulamba. Akipata kibali cha kutoka alikuja gerejini kwangu, na tulipokuwa tukisubiri spea alinionyesha kazi. Alikuwa na masikio makali ajabu. Gari likipita barabarani alikuambia pedi za upande gani zimeisha, na ukimkamata dereva huyo ukafungua tairi, unakuta kweli.

Siku moja aliniita chini ya kigari cha abiria, vile tunavyoviita michomoko. Akanionyesha juu ya ekseli ya nyuma kidude kidogo cha chuma chenye mkono, paipu ya breki ikiingia huku na kutoka kule. Ile ni valvu ya kupunguza breki za nyuma. Gari likiwa jepesi, valvu hiyo huzuia mafuta yasiende yote nyuma. Kwenye kigari kile mkono wake ulikuwa umeshikwa na kutu na udongo mwekundu, haupandi wala haushuki. Papa Mulamba akaitoa, akaunganisha paipu moja kwa moja, tukatoa upepo ulioingia kwenye mafuta ya breki, tukapakia watu wanane na magunia mawili ya maharage na kwenda kujaribu kwenye mteremko. Gari lilisimama vizuri kuliko nilivyowahi kuona gari lolote likisimama.

"Petit," aliniambia, ndivyo alivyoniita ingawa nilikuwa na watoto tayari, "uzito iko nyuma, kwenye batu banaikala. Frein nayo iende kule."

Yaani uzito uko nyuma wanakokaa watu, breki nazo ziende huko. Na alikuwa sahihi. Mfikirie barabara yetu ilivyokuwa: changarawe juu, udongo chini, kona inafuatana na kona. Ukikanyaga breki matairi ya mbele yakagoma kuzunguka, usukani unakuwa pambo, unaenda mtaroni huku umeshikilia pambo hilo. Breki ikishika zaidi nyuma, nako kumelaliwa na watu na mizigo, gari linatulia, linakaa mkia chini. Nilianza kuitoa valvu hiyo kwenye kila gari lililoingia gerejini kwangu. Tukaipa jina, tukaiita mchoyo, maana inazinyima breki za nyuma. Madereva wakaja wakiuliza kwa jina, "Fundi, umenitolea mchoyo?" Tulizitundika kwenye waya ukutani mpaka waya ukalegea. Mtu akileta gari jipya kutoka Dar, kabla hata ya kumsikiliza analalamikia nini, tulikuwa tumeshaingia chini. Niliwafundisha wote waliopita mikononi mwangu. Niliwaambia, na nayakumbuka maneno yangu: fundi anayemwacha mchoyo hajui kazi.

Halafu lami ikaja. Nyinyi mmeikuta, hamuwezi kujua ilivyokuwa kwetu. Wazee walishuka kwenye baiskeli kuigusa kwa mikono.

Pamoja na lami alikuja Zuhura, mpima ardhi wa serikali, binti wa Tanga, mwembamba, mwenye maneno machache na daftari la kazi ambalo halikumtoka mkononi. Alikuwa na kigari chekundu cha milango mitatu, gia za mkono, injini ndogo yenye turbo, kitu kikali sana. Kulikuwa na kipande cha lami upande wa kwenda Kibondo ambacho kilikuwa hakijafunguliwa, na Jumapili mchana baada ya ibada watumishi na wafanyabiashara wenye magari madogo walikwenda kukimbiza huko. Walipanga madumu ya njano yaliyojazwa mchanga: unatoka mbio, unapita kona ndefu, unafunga breki kabla ya madumu mawili, unageuza, unarudi, na mwenzako anapima muda kwa simu. Watu walitoka vijijini kutazama, wauza mahindi ya kuchoma wakafuata. Ilikuwa starehe nzuri, sitawadanganya. Nilikwenda na kiti changu.

Zuhura alikuja gerejini akanisalimia kwa heshima, shikamoo mzee, akasema anataka gari lake lishike barabara na lisimame kama linavyokimbia. Sikuwa nimewahi kupata kazi ya namna hiyo. Maisha yangu yote nilikuwa nainua magari yapite kwenye matope, sasa nilitakiwa kulilaza gari kwenye lami. Niliifurahia kama mtu aliyeajiriwa upya. Aliagiza springi fupi ngumu na shokapu zake, pamoja, kama nilivyowaambia. Nikambadilishia bushi zote. Mbele nikamfungia diski pana kutoka kwenye gari kubwa la ukoo huo huo, na kalipa zake zinazobana pedi, ikabidi nichonge kikalio cha kuzishika, kazi ya siku mbili. Pedi mpya, paipu za breki zilizofumwa kwa waya ili zisivimbe ukikanyaga, mafuta mapya ya breki yanayostahimili joto. Boliti za bushi nilizikaza gari likiwa chini. Kazi safi. Hadi leo siwezi kuisema vibaya.

Tulipomaliza alifungua daftari. Alitaka orodha ya kila kitu nilichobadilisha, kimoja kimoja, kwa sababu alisema mpima asiyeandika hajapima. Nikamtajia, akaandika mambo kumi na moja, akaniomba nitie sahihi, nikatia kwa madaha.

Mchoyo hakuwemo kwenye orodha. Nilikuwa nimemtoa siku ya kwanza kabisa, nikipiga stori na jirani, mikono ikifanya yenyewe. Kwenye gari lake alikuwa kipande kidogo tu karibu na masta silinda, ile pampu ya breki chini ya boneti, hana hata mkono. Sikumficha Zuhura. Sikukumbuka kwamba nimefanya kitu. Muulize mtu leo asubuhi umefanya nini, hatakutajia kwamba alinawa uso.

Jumapili ya kwanza nilimwambia aende taratibu, pedi mpya zinahitaji kupashwa moto kidogo kidogo kabla ya kukanyagwa kwa nguvu. Ya pili aliongeza mwendo. Aliporudi alishusha kioo akaniambia, "Mzee, mbele imeshika kabisa. Ila nikikanyaga, nyuma inachezacheza."

Nikamjibu kwamba ni matairi, bado hayajalainika. Kwenye changarawe nyuma ikichezacheza ndiyo dalili kwamba breki zinafika, ndivyo tulivyojua breki nzuri. Aliandika kwenye daftari. Nilimwona akiandika.

Jumapili ya tatu manyunyu yalikuwa yamepita mapema, lami imekauka katikati, pembeni bado ina unyevu. Zuhura alitoka. Alipita kona ile ndefu vizuri kuliko wote, na kabla ya madumu akafunga breki kwa nguvu zote, kama alivyokuwa na haki ya kufanya, maana nilimwambia sasa pedi ziko tayari. Mkia ulipita mbele. Sijui niseme vipi zaidi ya hapo. Gari liligeuka likaenda kinyumenyume, likateleza pembeni kwenye unyevu, upande wa dereva ukaparamia ukuta wa kalavati.

Watu walikimbilia gari. Mimi nilikimbia pia, lakini miguu ilisimama yenyewe kwenye lami pale alipoanzia kufunga breki. Kulikuwa na michirizi miwili myeusi tu, ya matairi ya nyuma, imeanza peke yake; ya mbele hayakuacha alama yoyote. Uzito wote ulikuwa umehamia mbele, kwenye zile diski nzuri nilizomfungia. Nyuma hakukuwa na watu wala maharage, hakukuwa na kitu cha kukalia yale matairi, na hakukuwa na wa kuyanyima breki. Nilijua pale pale, kabla hawajamtoa.

Askari wa usalama barabarani aliniuliza kama breki zilikuwa nzima. Nikasema zilikuwa nzima. Sikusema uongo, na hilo jibu ndilo linaloniamsha usiku.

Alilazwa hospitali ya Kabanga, nyonga imevunjika na paja limevunjika mahali pawili. Nilikwenda siku ya tatu na machungwa kwenye mfuko. Mama yake alikuwa ameshafika kutoka Tanga, akanipa kiti, akanishukuru kwa kuja, akaniita baba. Zuhura alikuwa amelala chali, mguu umefungwa umevutwa kwa uzito, na daftari lilikuwa juu ya shuka.

"Nimeipitia orodha yote, mzee," aliniambia. "Vyote kumi na moja. Kila kitu ulifanya sawa. Kosa ni la mguu wangu, nilikanyaga vibaya."

Nikamwambia apone kwanza. Nikaweka machungwa kwenye kabati. Mama yake alinisindikiza hadi mlangoni akilalamika kwamba binti huyu tangu mdogo anapenda mwendo, kaambiwa mara ngapi, na mimi nikaitikia kwa kichwa. Vijana, niliitikia kwa kichwa.

Alihamishiwa kwao. Mguu mmoja ulibaki mfupi. Mpima ardhi kazi yake ni kutembea, kupanda vilima na kuvuka mito na vifaa begani, na yeye sasa anakaa ofisini kuchora ramani za sehemu ambazo wenzake wametembea. Mimi nilifunga gereji. Watu walisema mzee amechoka, ana haki ya kupumzika.

Sasa sikilizeni jambo la kiufundi, kwa sababu ndilo linalonimaliza kabisa. Baada ya kufunga gereji nilichukua mchoyo mmoja kwenye ule waya ukutani, wa mchomoko, nikamsafisha kwa mafuta ya taa hadi mkono wake ukalegea. Nikambana kwenye jiliwa, nikauinua mkono na kuushusha, nikapuliza kwenye tundu. Mkono ukiwa chini anabana. Mkono ukiinuka, yaani gari likilemewa na ekseli ikaja juu, anafungua. Gari likipakiwa anaachia breki zote ziende nyuma, likiwa tupu anapunguza. Alikuwa anapima uzito mwenyewe, safari kwa safari. Kazi tuliyokuwa tunaitaka yeye alikuwa anaifanya, ila aliyekutana naye Papa Mulamba alikuwa ameshikwa na kutu, na mimi nikawahukumu wote kwa yule mmoja. Alihitaji kusafishwa na kutiwa grisi. Miaka arobaini sikuwahi kumsafisha hata mmoja.

Basi ilinichukua miezi mingi, lakini nilimpigia simu Zuhura. Nilimweleza yote, kuanzia Papa Mulamba hadi michirizi ile miwili. Alinisikiliza bila kunikatiza. Nilitaka anitukane. Nilikuwa nimekaa chini kabisa, kwenye sakafu.

Akauliza, "Na magari mengine?"

"Yapi, mama?"

"Yale mengine uliyoyafanya hivyo. Ni mangapi?"

Nikasema sijui. Nikasema ni yote. Nikasema na wanafunzi wangu wameendelea, Kasulu, Kibondo, hadi Kakonko, na wao wana wanafunzi.

Niliwasikia watu wakiongea nyuma yake, nadhani ni ofisini.

"Mimi nimeshaumia, mzee," alisema. "Usinipigie tena mimi. Watafute hao."

Akakata. Alikata kwa upole, lakini alikata.

Nimewatafuta. Nilianza na gereji za hapa Kasulu, moja moja, watu wakidhani nimekuja kuomba kazi. Wananipa kiti, wananisikiliza, wanasema sawa mzee, na nikigeuka nyuma naona miguu ya kijana inatokeza chini ya mchomoko na najua anafanya nini huko. Nilisimama stendi nikachungulia chini ya magari hadi makonda wakaniuliza nimepoteza nini. Kati ya niliyoyachungulia sikuona hata moja lenye mchoyo.

Nikapanda hadi Kibondo kwa Nyabenda. Nyabenda ndiye mwanafunzi wangu bora, mikono yake ni mizuri kuliko yangu ilivyowahi kuwa, ana gereji kubwa yenye sakafu ya saruji na anaheshimika. Nilipofika aliacha kazi, akanawa, akaniletea soda, akakaa kwenye ndoo ili mimi nikae kwenye kiti. Nilimweleza kila kitu. Nilimchorea chini kwa chaki: uzito unavyohama ukifunga breki kwenye lami, mbele inavyolala, nyuma inavyoinuka.

"Nakuelewa baba," alisema. "Lakini dereva anakuja hapa anauliza mwenyewe, umenitolea mchoyo? Nikimrudishia atasema breki za nyuma zimekufa, atavuka barabara kwa jirani. Halafu abiria ni wale wale, wanane kwenye gari la watu watano. Uzito bado uko nyuma."

"Wakirudi watupu je?"

Akatazama mchoro wangu wa chaki.

"Na isitoshe, baba," akasema taratibu, kama mtu anayemkumbusha mgonjwa jina lake, "wewe mwenyewe ulitufundisha. Anayemwacha mchoyo hajui kazi."

Hakusema kwa kejeli. Alisema kwa sababu anaamini, na anaamini kwa sababu nilimwambia nikiwa na akili timamu na ushahidi wa kila mteremko wa nchi hii. Ningekuwa fundi mbovu hili lisingefika popote. Watu wangenikimbia mapema, mchoyo angebaki mahali pake, na Zuhura angekuwa anapanda vilima. Ni ule uhodari wangu ndio uliosambaa. Nimekata tamaa, na nayaandika haya nikiwa nimekata tamaa, sioni kwa nini karatasi iweze kufanya ambacho mdomo wangu umeshindwa.

Hata hivyo naandika. Ingia chini ya gari, nenda ekseli ya nyuma. Ukiona paipu ya breki inapita moja kwa moja na ina kiungo kipya kuliko paipu yenyewe, tumepita hapo. Kwenye vigari vidogo vyepesi tazama karibu na masta silinda. Rudisha valvu, isafishe, mkono wake uwe huru, urefu wa kijiti kinachouunganisha na ekseli uwe kama ulivyotoka kiwandani. Toa upepo ukianzia tairi la mbali zaidi na masta silinda. Kisha peleka gari mahali pa wazi, tupu, dereva peke yake, mwendo mdogo, mwenzako asimame pembeni atazame. Funga breki. Tairi za mbele ndizo zianze kugoma, kila mara. Zikianza za nyuma hata mara moja, gari hilo lisitoke. Mwenye gari akikasirika, mwache akasirike. Na mkibadilisha kitu, hata kile ambacho mikono inakifanya yenyewe, kiandikeni.

Nilitoka kwa Nyabenda nikaenda stendi ya Kibondo kutafuta usafiri wa kurudi. Mvua ilikuwa imetoka kukatika. Kulikuwa na mchomoko mmoja mweupe, dereva kijana, miwani ya jua juu ya kofia, redio inaimba. Nilimwuliza anaondoka saa ngapi. Akasema hapakii hapa, kuna watu wamemkodi wanamsubiri Kasulu, anakimbia tupu akawachukue. Nikainama nikachungulia chini ya gari lake. Paipu ilikuwa imenyooka, kiungo kinang'aa.

Nikamwambia asikimbie. Nikaanza kumweleza, nikashika mlango wake ili asiondoke kabla sijamaliza.

"Mzee, toa presha," alisema. "Hii chuma breki zake ni kali. Zimefanywa kwa staili ya Ntakije wa Kasulu, waulize mafundi wote hapa."

Nikamwambia Ntakije ndiye mimi.

Alinitazama kuanzia viatu, akacheka, hakucheka vibaya. "Ntakije alishakufa zamani, mzee wangu," akasema, akautoa mkono wangu mlangoni polepole, akapandisha kioo. Alitoka stendi akaingia barabarani, peke yake ndani ya gari, akashika njia ya Kasulu, na lami ilikuwa bado imelowa.